Pakeji ya picha za harusi ya laki nne: bei imepunguzwa wapi?

Kikao cha nne cha kamati, Jumapili jioni, mhazini anasoma bajeti. Chakula kimepita. Vinywaji vimepita baada ya mabishano. Ukumbi umeshalipiwa nusu, mapambo yamekula zaidi ya tulivyotarajia, MC na muziki hawagusiki. Imebaki mistari miwili ya chini kabisa: gari la maharusi, na picha na video. Hapo ndipo sauti inapotoka viti vya nyuma: "Kuna kijana namfahamu, laki nne tu, anatoa kila kitu." Kamati nzima inashusha pumzi. Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye pingamizi, hakuna, tunasonga mbele.

Nimekuwa mhazini wa kamati tatu za ndugu hapa Dar es Salaam, na sauti hiyo nimeisikia kwenye zote tatu. Safari moja ilituokoa. Safari nyingine ilituachia flashi yenye picha 190 za shughuli iliyoanza saluni asubuhi ikaisha karibu na usiku wa manane, nyingi zikiwa na sura za rangi ya zambarau, na bibi harusi ambaye mpaka leo hana hata picha moja akiwa na bibi yake. Bei ilikuwa karibu ileile. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama pakeji ya bei ndogo inafaa kuchukuliwa, bei peke yake hainiambii kitu. Nataka kujua imepunguzwa wapi, kwa sababu pahala fulani lazima imepunguzwa.

Tufanye hesabu ya mezani. Tarakimu hizi ni za mfano. Weka za mtaani kwenu. Kijana wa kwanza anaahidi kwa 400,000 picha mnato siku nzima, video, albamu, fremu kubwa ya ukutani, na picha zote kwenye flashi. Tuseme albamu inamgharimu 120,000 kuchapisha, fremu 40,000, mwenzake wa video 80,000, usafiri wa watu wawili na mizigo yao 40,000, flashi 15,000. Hapo zimeshatoka 295,000, amebakiwa na 105,000. Sasa hesabu muda. Siku yenyewe ni saa 14, kuanzia saluni saa 3 asubuhi mpaka saa 5 usiku. Kuhariri picha 600 kwa dakika 2 kila moja ni saa 20. Video, hata ya kuunganisha tu, weka saa 16. Jumla saa 50. Kijana huyu anafanya kazi kwa shilingi 2,100 kwa saa, na hapo hatujagusa kodi ya chumba, umeme, wala kamera inayochakaa.

Kijana wa pili kwa 400,000 ileile anatoa picha mnato tu, saa 6, picha 300 zilizohaririwa, basi. Hana albamu, hana video. Usafiri 20,000, flashi 15,000, anabakiwa na 365,000. Saa 6 za kupiga na saa 10 za kuhariri ni saa 16. Anapata kama 22,800 kwa saa, zaidi ya mara kumi ya mwenzake.

Kamati itamchagua wa kwanza, kwa sababu karatasi yake ni ndefu. Mimi namwogopa wa kwanza, na si kwa kuwa ni tapeli. Huenda ni kijana mwema kuliko wa pili. Ila hesabu yake haimruhusu kutimiza alichoahidi. Atabana mahali ambapo wewe huoni: atapokea harusi nyingine Jumamosi hiyohiyo na kuondoka kwenu mapema, ataweka rangi moja juu ya picha zote 600 kwa mkupuo, atamtuma jirani yake aliyeshika kamera juzi, au albamu atakuwa anaipiga danadana mpaka mchoke kumpigia simu. Neno "kila kitu" kwenye pakeji ya bei ndogo ndilo linalopaswa kuwashtua watu.

Kinachoweza kusubiri na kisichoweza

Albamu inaweza kuchapishwa mwaka ujao. Fremu vilevile. Picha kubwa ya sebuleni mnaweza kuitengeneza mkishahamia nyumba yenye sebule. Ilimradi faili za picha mnazo, na ni faili kamili, vitu hivyo havina haraka. Lakini baba kumkabidhi binti yake hakurudiwi, pete haivishwi mara ya pili kwa ajili ya kamera, na bibi aliyetoka Songea kwa basi hatakuwepo tena Jumatatu.

Mwenye bajeti ndogo basi atoe kwenye pakeji vyote vinavyoweza kusubiri, na fedha hiyo aipeleke kwa mtu, mwanga na usalama wa faili. Wengi tunafanya kinyume. Tunavutiwa na albamu ya kurasa 40 na droni, halafu tunamwacha mpiga picha aje peke yake bila taa. Hiyo droni nayo: kuirusha Tanzania kunahitaji kibali kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na shughuli yenyewe inafanyika ndani ya ukumbi, usiku. Sijawahi kuelewa itapiga nini. Mabati?

Video ni jambo la kujadiliwa kivyake. Mtu mmoja hawezi kupiga picha mnato na video kwa wakati mmoja. Wakati wa pete ana macho mawili lakini jicho la kamera ni moja. Pakeji ikisema picha na video, ulizeni watakuja watu wangapi. Na ulizeni kadi za kumbukumbu. Video ya 4K inayorekodiwa kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwenye kamera nyingi, inakula takriban gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 inajaa kabla ya saa moja na nusu. Mwenye kadi mbili tu atafika kwenye keki akiwa anafuta.

Giza la ukumbini

Hapa ndipo pesa ya mpiga picha inapoonekana, na ndipo nitakapokaa kidogo. Mchana, kanisani au nje ya msikiti, karibu kila mwenye kamera nzuri atakupa picha nzuri. Simu ya shangazi pia itakupa. Usiku ukumbini ni mtihani mwingine kabisa. Taa za mapambo ni za bluu, zambarau na nyekundu, zinabadilika kila baada ya sekunde chache, na kamera haina ule ustaarabu wa jicho wa kurekebisha rangi kimyakimya. Sura za zambarau nilizotaja hapo juu zilitokana na hilo.

Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera za kuanzia, ile ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho inafunguka mpaka f/5.6 tu (namba hii ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni kati ya lenzi za bei rahisi kabisa sokoni, inaingiza mwanga karibu mara 10 ya hiyo. Kijana mwenye kamera ya miaka kumi iliyopita na kalenzi hako kadogo, pamoja na taa, anaweza kumzidi mwenye kamera mpya ya bei mbaya na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi. Basi usimuulize "unatumia kamera gani?" Kila mtu anajua jibu la kujisifia hapo. Muulize: "Usiku ukumbini mwanga unautoa wapi?"

Sikiliza jibu. Akisema kamera yake inaona hata gizani, endelea kutafuta. Akisema anaielekeza taa ya kamera juu ili irudi kutoka kwenye dari, muulize dari ya kitambaa cha zambarau inakuwaje, kwa sababu mwanga ukigonga kitambaa cha rangi unarudi na rangi hiyohiyo na kuwapaka watu. Anayeijua kazi atacheka, kisha atakwambia anakuja na taa ya kusimamisha pembeni na mtu wa kuishika, au kwamba atafika mapema kuzungumza na mtu wa mapambo. Hilo la pili likisemwa na mtu wa laki nne, mchukueni.

Jambo jingine ni gauni jeupe na ngozi yetu. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe hukadiria mwanga kama vile kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Shela na gauni jeupe vikijaa kwenye picha, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na sura ya bibi harusi inazama. Suti nyeusi zikijaa inafanya kinyume, na nakshi zote za gauni zinapotea kwenye weupe mtupu. Ukipewa sampuli, tafuta picha ambayo maua ya gauni yanahesabika na sura inasomeka, vyote kwa pamoja. Kisha angalia rangi ya watu. Wapo wanaofidia giza kwa kumng'arisha bibi harusi kwenye kompyuta mpaka mama yake mzazi anauliza huyu ni nani.

Na msimlaumu mpiga picha kwa jua. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 12 na dakika 50 jioni, mwaka mzima, na huku kwetu karibu na ikweta jioni haina subira: dakika 20 hivi baada ya jua kuzama hakuna tena mwanga wa maana. Ibada ikitoka saa 10, pongezi na picha za ukoo zikachukua saa nzima, kisha foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, mtafika Coco Beach kuona ulipokuwa mwanga. Pakeji inayojivunia picha za ufukweni haina thamani kama ratiba yenu haina nafasi hiyo. Mkiamua kwenda kwenye bustani ya hoteli badala yake, ulizeni mapema kama kuna kiingilio cha kupiga picha na nani anakilipa. Kuna magari ya maharusi yameshawahi kugeuzwa getini.

Sampuli: harusi moja, mwanzo mpaka mwisho

Ukurasa wa Instagram ni kama dirisha la duka. Picha 60 za pale zinaweza kuwa zimetoka kwenye harusi 30, mbili mbili. Nyingine ni za wanamitindo waliovalishwa. Utazijua kwa sababu hakuna mjomba hata mmoja kwenye picha. Na zipo zilizochukuliwa kwa watu wengine. Ukipitisha picha mbili tatu kwenye Google Lens, inayotafuta picha mtandaoni, ukazikuta kwenye ukurasa wa mpiga picha wa Lagos, mazungumzo yameisha.

Omba kuona harusi moja nzima aliyoipiga karibuni, picha zote alizomkabidhi mteja, tena iwe ya ukumbi wa usiku. Anaweza kusita kukutumia, na kusita huko ni dalili njema, maana analinda picha za watu. Basi aje na kompyuta yake, mkae naye nusu saa. Ruka picha za maharusi, hizo alijitahidi. Angalia meza za nyuma, wazee, watoto, familia imepangwa watu 25 na hakuna aliyefumba macho. Angalia picha za saa 4 usiku, mpiga picha akiwa amechoka na hajala. (Na mpeni chakula. Kamati nyingi husahau, kisha zinashangaa kwa nini alikuwa nje wakati wa keki.)

Baada ya hapo swali ni fupi: "Aliyepiga hizi ndiye atakayekuja kwetu?" Ofisi zenye jina hupokea kazi nne Jumamosi moja na kugawa vijana. Hakuna ubaya, ila mtake sampuli za kijana huyo, si za bosi.

Kwa shughuli za Waislamu wa Pwani kuna mambo ambayo pakeji za bei nafuu hazitaji kabisa. Kwenye kupamba ya Mombasa, au shughuli yoyote ya wanawake peke yao ambako wageni huombwa kuweka simu mbali, familia huhakikisha mpiga picha ni mwanamke na kuona kazi imekwisha. Haijaisha. Nani anazihariri? Nani anazichapisha? Ni kawaida binti aje kupiga kisha kadi aipeleke studio, ambako kaka wawili wanakaa nazo wiki nzima. Lazima lisemwe mapema, pamoja na suala la kuzirusha mtandaoni. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi, na nchi zetu zina sheria juu ya hilo: Kenya tangu 2019, Tanzania sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Wapiga picha wengi hutoa punguzo kwa kuwa wanategemea kutumia picha zenu kujitangaza. Kama hamtaki, bei halali inaweza kupanda kidogo, na ni haki yake.

Faili na pesa

Kadi za kumbukumbu hufa. Kamera kama Nikon D750 au Sony a7 III zina nafasi mbili za kadi na zinaweza kuandika picha kwenye zote mbili kwa pamoja. Canon 6D Mark II na EOS RP zina moja. Nafasi moja si sababu ya kumkataa mtu wa bei nafuu. Muulize tu kama anabadilisha kadi kila kipengele, na kama huwa anazihamishia kwenye diski kabla ya kulala. Anayejibu "sijawahi kupoteza" hajajibu.

Halafu makabidhiano. "Nitawatumia WhatsApp" si makabidhiano. Picha ya megapikseli 24 ina upana wa pikseli 6,000, inachapika vizuri kwa upana wa nusu mita. Ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inashushwa mpaka kama pikseli 1,600, na hapo kwa ubora uleule unapata sentimita 13 na ushee. Ndiyo maana fremu nyingi za sebuleni zina ukungu. Andikeni kwamba mnataka faili kamili, kwenye flashi au kiungo cha kupakua, na mkizipata zihifadhini sehemu tatu.

Kuhusu malipo, shida kubwa naiona upande wetu. Tunalipa advansi, tunaahidi salio "baada ya kazi", kisha kamati inavunjwa, ile iliyobaki inanywewa kwenye vunja kamati, na mpiga picha anabaki anawadai maharusi ambao wamerudi fungate hawana senti. Albamu inakaa studio miezi. Siku hizi salio la picha nalitenga kwenye simu yangu na siligusi: sehemu moja advansi, sehemu moja asubuhi ya shughuli, sehemu ya mwisho siku ya kukabidhi faili. Makubaliano yote yawe kwenye ujumbe wa maandishi, hata WhatsApp: tarehe, saa za kuanza na kumaliza, jina la atakayekuja, idadi ya picha, siku ya kukabidhi, na nini kitatokea akiugua. Ujumbe wa simu ni ushahidi unaokubalika kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ingawa kwa laki nne hakuna atakayekwenda mahakamani. Faida yake ni kwamba mtu akiandika, anafikiri.

Kuna harusi ambazo bei ndogo ndiyo bei yake. Ndoa ya bomani na chakula cha mchana cha watu 40, saa 3 za mwanga wa jua: kumlipa mtu milioni mbili hapo ni kujionyesha. Harusi ya siku ya kazi pia, kwa kuwa Alhamisi mpiga picha hana mteja mwingine na punguzo lake ni la kweli. Hata kitchen party na send-off mnaweza kumpa kijana anayeanza, mkamwona akifanya kazi, kisha mkaamua kuhusu harusi yenyewe.

Ile safari iliyotuokoa ilikuwa ya mpwa wangu, Julai. Kijana alikuwa na karatasi ileile ya "kila kitu" kwa laki nne. Nilimpigia, akanipa shikamoo yangu, nikamuuliza: tukikuondolea albamu, droni, fremu na video, pesa tusipunguze hata mia, utatuongezea nini? Akakaa kimya kidogo. "Mzee, hapo nitakuja na mwenzangu wa taa. Na Jumamosi hiyo sichukui kazi nyingine."

Alikuja naye. Video tuliachia simu za binamu, na ndivyo inavyoonekana: inatikisika, na kuna mtu anacheka karibu na kipaza sauti muda wote. Albamu ilichapishwa Februari, kwa zamu ya dada yangu kwenye kikoba chao. Ukurasa wa tatu yupo mama yetu, bibi yake bibi harusi, saa 3 usiku, ameketi na mkongojo wake chini ya taa zote zile za zambarau, na rangi yake ileile.